USHINDI WA MAHOTELI NI USHINDI WA NANI?

Imekuwa ada katika nchi yetu, kila inapotangazwa hesabu ya wageni walioteremka uwanjani na bandarini, kusikia sauti za kujitapa kwamba Unguja imeishinda Mombasa. Husemwa hayo katika baraza za kahawa, husemwa na wenye magari ya kuchukulia watalii, na husemwa pia na watu wakubwa ambao ingewapasa wayapime maneno yao kabla ya kuyatoa. Mwaka 2019 wageni waliofika kwetu walipita 500,000. Mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, walipungua hata wakakaribia nusu ya hao. Na mwaka 2024 walipita 700,000. Hesabu hizo ni za kweli, nasi hatuna haja ya kuzikanusha. Tunalouliza sisi ni jambo jingine: katika mashindano haya aliyeshinda ni nani, na alichokipata kimelala wapi?

Ushindani wa miji hii si wa jana. Baina ya Unguja na Mombasa pana bahari ya kilomita 240 hivi, na ukanda wa pwani wa Mombasa ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Unguja mpaka mwaka 1963. Lakini Waingereza walipoanza kutandika reli kutoka Mombasa mwaka 1896, nayo ikafika Kisumu mwaka 1901, biashara ya bara iliyokuwa ikipita katika forodha yetu ilihama. Meli zikawa zaingia Kilindini. Pembe na ngozi hazikuwa na haja tena ya kuvuka maji kuja kupimwa na kuuzwa Unguja ndipo zisafirishwe. Sisi tukabakiwa na karafuu, na kila mwenye shamba Pemba anajua jinsi bei ya karafuu ilivyoporomoka katika miaka ya 1980. Tuangalie neno moja katika khabari hii. Hapana mtu wa Mombasa aliyeulizwa juu ya reli ile, wala hapana mtu wa Unguja aliyeulizwa. Iliamuliwa London, kwa maslaha ya London, na miji miwili ya pwani ikajikuta mmoja umeitwa mshindi na mwingine mshindwa kwa uamuzi wa watu wasiolala katika mji wowote baina ya hiyo miwili.

Leo wapo wanaoona kwamba mahoteli ndiyo kisasi chetu. Mombasa ndiyo iliyotangulia. Hoteli ya Nyali Beach ilifunguliwa mwaka 1946. Na baada ya uhuru wa Kenya, katika miaka ya 1960 na 1970, mahoteli yalijipanga kutoka Nyali mpaka Shanzu, na ng'ambo ya Likoni mpaka Diani, yakipokea Wajerumani, Waswisi na Waingereza walioletwa na ndege za kukodi. Wakati huo sisi tulikuwa tumerudisha mlango. Serikali ilijenga Hoteli ya Bwawani, iliyofunguliwa mwaka 1974, na mgeni aliyetaka kulala penginepo hakuwa na chaguo kubwa. Ni baada ya karafuu kuanguka ndipo mlango ulipofunguliwa: ikaja sheria ya kulinda rasilimali za wageni mwaka 1986, ikaja Kamisheni ya Utalii mwaka 1992, na mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Paje, Jambiani: majina ambayo zamani yalijulikana na wavuvi na jamaa zao yakawa yatajwa Milan na London na watu wasiojua Unguja iko upande gani wa Afrika.

Basi tumeshindaje? Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji wetu wasitazame hesabu ya mwaka mmoja, bali wazipange tarehe. Mwezi wa Agosti 1997 palizuka mauaji Likoni, na watalii wakaikimbia pwani ya Kenya. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise huko Kikambala ilipigwa bomu, watu 13 wakauawa, na siku hiyo hiyo makombora yakarushwa kwa ndege ya abiria ya Israel, yakaikosa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kenya iliwaka moto. Mwezi wa Mei 2014 Serikali ya Uingereza iliwaonya watu wake wasiende Mombasa, na kampuni ya Thomson ikawakusanya wateja wake kutoka mahotelini na kuwarejesha kwao kwa ndege. Mahoteli mengi ya pwani ile yalifungwa. Wapishi, madobi na watunza bustani wakarudi majumbani mwao mikono mitupu. Kila ulipotokea msiba kama huo, mwenye kuuza safari Ulaya alikuwa na ndege za kujaza na wateja waliokwisha kutia nia ya kwenda kwenye bahari ya joto, na bahari ya joto iliyo karibu ni yetu. Sehemu isiyo ndogo ya ushindi wetu imetoka huko. Mtu ambaye duka lake limejaa kwa sababu duka la jirani limeungua hana haki ya kujisifu kwa ufundi wake wa kuuza.

Tena moto wa namna hiyo haujui mpaka. Mwezi wa Januari 2003, wiki chache tu baada ya Kikambala, maonyo kama yale yale yalitolewa Ulaya na Marekani, na safari hiyo jina lililotajwa lilikuwa letu. Mwaka 2020 na 2021 tulijaaliwa wageni wengi kutoka Urusi na nchi za mashariki ya Ulaya, kwa kuwa mlango wetu ulikuwa wazi wakati wengi wamefunga wa kwao, na watu wakasema kwamba tumegundua soko jipya. Mwezi wa Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, na mamia ya watalii wa Ukraine wakakwama hapa hapa kisiwani, hawana ndege ya kurudia wala nyumba ya salama ya kurudi. Huo ndio uimara wa biashara ambayo twaambiwa tuitegemee peke yake, ambayo inakadiriwa kuwa inatuletea kiasi cha asilimia 80 ya fedha zote za kigeni.

Sasa tutazame aliyekaa katikati. Kampuni ya Thomson iliyowaondoa wageni Mombasa mwaka 2014 ilikuwa mali ya TUI, na TUI leo ina hoteli yenye jina lake katika pwani ya mashariki ya Unguja. Serena wana hoteli Shanzu, na tangu mwaka 1997 wana hoteli Shangani, ndani ya jengo la zamani la simu. Planhotel walikuwa na mahoteli Malindi na wakati huo huo wana mahoteli Unguja. Hatusemi kwamba ni kosa mtu kuwa na nyumba mbili. Twasema tu kwamba mwenye nyumba mbili hapati khasara mgeni anapohama kutoka nyumba hii kwenda ile. Mwenye kukhasirika ni mpishi wa nyumba ya kwanza, na mwaka mwingine upepo ukigeuka atakuwa ni mpishi wa nyumba ya pili. Wazee walinena kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru wa vita hivi hana haja hata ya kuruka. Anasubiri panzi wamletee.

Jinsi biashara yenyewe inavyokwenda, wengi wetu hatuioni, kwa sababu haifanyiki hapa. Mwenye kuuza safari huko Ulaya hununua vyumba kwa jumla, mamia kwa mara moja, tena mapema kabla ya msimu. Huketi na hoteli ya Diani akaiambia: wenzenu wa Kiwengwa wamenipa kwa bei kadha. Huketi na hoteli ya Kiwengwa akaiambia vivyo hivyo juu ya Diani. Kila mmoja hupunguza kidogo, na kidogo juu ya kidogo. Halafu humuuzia mteja wake kila kitu kwa pamoja: ndege, chumba, chakula, kinywaji, na gari la kumtoa uwanjani. Fedha hulipwa huko huko. Mgeni akifika Unguja hana sababu ya kutoka nje ya ukuta, kwa kuwa kila anachokitaka amekwisha kukilipia. Na akitoka kwa siku moja kuja Darajani hununua kofia na vifuko viwili vya hiliki, akapigwa picha, akarudi. Na hoteli iliyokwisha kuuza kitanda kwa bei ya chini itapunguza wapi ili ipate faida yake? Haiwezi kupunguza bei ya mafuta ya jenereta wala riba ya benki. Itapunguza mshahara, itapunguza watu wakati wa masika, na itanunua mboga kwa anayeuza rahisi, naye aghlabu hayuko Dole wala Bambi.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010, uliofuata shilingi ya mtalii kutoka mkono hadi mkono, ulikuta kwamba kiasi cha sehemu moja tu katika kumi ya mapato ya utalii Unguja ndiyo iliyowafikia watu wa hali ya chini. Sehemu moja katika kumi! Miaka imepita tangu hapo na mahoteli yameongezeka. Lakini wanaotutangazia idadi ya wageni hawatutangazii, kwa sauti ile ile na kwa furaha ile ile, idadi ya shilingi zilizobaki.

Juu ya kupunguziana bei, kuna kupunguziana kodi. Serikali ya upande huu humwambia mwenye mali: njoo kwetu, tutakusamehe ushuru wa vifaa na kodi ya miaka ya mwanzo. Serikali ya upande wa pili husikia, nayo huongeza msamaha wake. Kila mmoja anadhani anamvuta tajiri kwa ujanja wake, na tajiri anakwenda akipeleka barua ya mmoja kwa mwenziwe.

Atakaye kujua mwisho wa mchezo huu na atazame mji wa Atlantic City katika Marekani. Mji ule ulikaa miaka mingi ukiwa na kasino ambazo miji jirani haikuruhusiwa kuwa nazo, nao ukajiona hauna mshindani. Jimbo jirani la Pennsylvania, ambalo mji wake mkubwa wa Philadelphia uko kiasi cha kilomita 100 tu kutoka hapo, likatunga sheria yake mwaka 2004, na kasino yake ya kwanza ikafunguliwa mwaka 2006. Dawa waliyoiona wakubwa wa New Jersey ni kujenga kubwa zaidi. Hoteli ya Revel iligharimu dola za Kimarekani 2,400,000,000, na Serikali ya jimbo ikaahidi msaada wa kodi wa dola 261,000,000 ili imalizike. Ilifunguliwa mwaka 2012. Mwezi wa Septemba 2014 ilifungwa, na mwaka huo huo kasino nne za mji ule zilifungwa, maelfu ya wafanya kazi wakawa nje. Mwaka uliofuata jumba lile liliuzwa kwa dola 82,000,000. Nao ni watu wenye mabenki yao, wenye mahakama zao, na wenye walipa kodi kuliko sisi mara nyingi. Sisi tukikosea hesabu kama ile, tutauza nini?

Wala Afrika Mashariki yenyewe haikukosa mafunzo yake. Katika miaka ya 1970 Tanzania ililalamika, na ilikuwa na haki ya kulalamika, kwamba watalii wanashukia Nairobi, wanapakiwa magari Nairobi, wanaletwa Serengeti kutazama wanyama na kurudi Nairobi kulala na kutumia fedha zao. Mwezi wa Februari 1977, jumuiya ilipokuwa ikivunjika, mpaka ukafungwa. Ulikaa umefungwa mpaka mwezi wa Novemba 1983. Waliofungiwa nje hawakugeuza njia wakaja moja kwa moja Arusha kama ilivyotarajiwa. Wengi wao hawakuja kabisa. Mzozo ule ule ukafufuka mwezi wa Desemba 2014, Kenya ilipoyazuia magari ya watalii ya Tanzania kuingia katika uwanja wa ndege wa Nairobi, na mwezi wa Machi 2015 Tanzania ikajibu kwa kuzipunguza safari za ndege za Kenya kutoka 42 kwa wiki hadi 14. Iliwabidi Marais wawili, Kenyatta na Kikwete, wayamalize wao wenyewe. Yote hayo ni kwa sababu ya kugombea nani atamchukua mgeni kutoka uwanjani hadi hotelini, safari ambayo dereva hulipwa pungufu ya thamani ya chakula cha usiku cha mgeni huyo.

Lakini tusiseme ya wenzetu tukasahau ya kwetu. Gharama ya ushindi huu hapa nyumbani inaonekana kwa macho. Katika pwani ya mashariki wanawake wa Paje, Jambiani na Bwejuu walianza kulima mwani mwishoni mwa miaka ya 1980, nao kwa mwani huo wamesomesha watoto skuli na kujenga nyumba za mawe. Bahari ile ile sasa inatakiwa na wageni wanaocheza na matanga ya angani, ambao vigingi na kamba za mwani ni udhia kwao. Katika vijiji kadhaa njia aliyopita babu kwenda pwani imekuwa ni mlango wa hoteli, na mlangoni yuko askari wa kuuliza: waenda wapi? Mvuvi anaulizwa aenda wapi anapokwenda kwenye chombo chake! Tangu mwaka 2021 visiwa vidogo navyo vimeingia katika orodha ya vitu vya kukodishwa wenye mali. Mjini, jumba la Mambo Msiige limegeuzwa kuwa sehemu ya hoteli iliyofunguliwa mwaka 2015, baada ya Kamati ya Urithi wa Dunia kulalamika juu ya ujenzi uliofanywa pembeni yake. Yaani kile kile tulichowaitia wageni tumekibadilisha ili tupate pa kuwalaza.

Na maji, na umeme. Waya wa umeme wa baharini ulipoharibika mwezi wa Desemba 2009, Unguja ilikaa gizani kiasi cha miezi mitatu. Mahoteli yaliwasha majenereta yao, visima vyao vikavuta maji. Vijiji vilivyo nyuma ya mahoteli vilirudi kwenye kata na ndoo. Hatuwalaumu wenye mahoteli kwa kuwa na majenereta. Twasema kwamba Serikali iliyokuwa ikihesabu vitanda mwaka baada ya mwaka haikuhesabu waya.

Katika jambo la wafanya kazi yapo maneno ambayo hatupendi kuyasikia, khasa yakitoka katika midomo ya wanachama wetu. Husemwa kwamba Wakenya na watu wa bara wamekuja kutunyang'anya kazi za mahoteli. Ndugu zetu, Kenya ilifungua Chuo cha Utalii Nairobi mwaka 1975, wakati sisi tulikuwa na Bwawani peke yake. Kijana aliyetoka katika chuo kile alifundishwa kupika, kuandika hesabu, na kusema Kijerumani, halafu akatafuta kazi popote ilipo, kama Waunguja na Wapemba wanavyoitafuta Mombasa, Maskati na Dubai. Sisi tuliacha skuli ya hoteli ya Maruhubi ikae kwa miaka mingi katika hali ya unyonge, na tunataka kijana wetu apewe umeneja kwa sababu tu amezaliwa karibu na hoteli. Kazi haichukuliwi kwa kuzaliwa. Wa kuulizwa ni yule aliyetia saini mkataba wa ardhi bila ya kuandika ndani yake ni vijana wangapi wa kijiji kile watafundishwa, kwa muda gani, na kwa gharama ya nani.

Tutajibiwa kwamba biashara ni biashara, na kwamba hakuna mtu anayefanya shauri na mshindani wake. Jawabu hilo tunalijua. Linasemwa sana na wale ambao wao wenyewe wana shauri lao na mshindani. Lakini mwezi wa Septemba 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, ambalo hapana hata moja katika nchi hizo iliyokuwa imewahi kuliandaa peke yake. Na mwezi wa Agosti 2025, katika mashindano ya wachezaji wa ndani ya Afrika, timu zilicheza Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na hapa petu Amaan, na hapana aliyesema kwamba Amaan imeibiwa na Nairobi. Ikiwa mpira unawezekana, kitanda kimeshindikana kwa nini?

Tutazame khabari ya viza. Tangu mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zina viza moja ya mtalii: mtu hulipa dola 100 akaingia nchi zote tatu. Tanzania haimo. Kwa hiyo mgeni aliyelala Mombasa juma moja, akatamani kuja kutuona siku nne, ataulizwa tena viza, nayo kwa wageni walio wengi ni dola 50. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ataulizwa pia dola 44 za bima. Mume na mke ni dola 188 kabla ya kunywa hata dafu. Hapo ongeza nauli ya ndege, kwa kuwa meli ya abiria ya kila siku baina ya Mombasa na Unguja hakuna. Wala hakuna baina ya Mombasa na Pemba, ilhali Wete iko karibu zaidi na Mombasa kuliko ilivyo karibu na mji wa Unguja. Chukua ramani upime. Watu wa Pemba hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wanayo mashemeji Mombasa, na wanakumbuka kwamba mwezi wa Januari 2001, baada ya watu kuuawa kwa risasi, waliokimbia kwa mashua walipokelewa Shimoni. Jirani aliyekupokea siku ile humwiti adui kwa ajili ya vitanda vya Wataliana.

Na hebu tufikiri kidogo juu ya kile tunachokiuza. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2000, mji wa kale wa Lamu mwaka 2001, na Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 2011. Ni pwani moja, lugha moja, milango ya aina moja na misikiti ya aina moja, na historia ya mmoja haisomeki bila ya mwenziwe. Mgeni aliyesoma kidogo angependa kuifuata pwani hiyo yote kwa majuma matatu, akalala katika nyumba za wenyeji, akala samaki wa wavuvi wa mahali. Mgeni wa namna hiyo hukaa zaidi na huacha zaidi, kwa kuwa chakula na malazi hakuyalipia Milan. Badala yake tumekubali kuuza mchanga na jua. Mchanga uko Mombasa, uko Unguja, uko Msumbiji, uko Maldivi na Shelisheli. Na anayeuza kilichoko kila mahali hawezi kupanga bei.

Mombasa yenyewe imejifunza kitu ambacho sisi bado. Wazungu walipowakimbia mwaka 2014, waliwageukia watu wa nchi yao. Na tangu reli mpya ilipoanza kazi kati ya mwaka 2017, mtu wa Nairobi hupanda asubuhi na watoto wake, akalala Nyali mwisho wa juma. Hoteli iliyozoea kuandika vyakula kwa Kijerumani ikajifunza kupika pilau na ugali kwa ajili ya wenyewe. Je, hoteli ngapi za pwani yetu ya mashariki zimewahi kufikiri kwamba mwalimu wa Chake Chake au karani wa Tanga naye ni mgeni anayestahiki kitanda? Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee. Kwetu imefika mahali mwenyeji hajui hata ndani pana nini.

Tunayoyataka hayana ajabu. Tunataka mikataba yote ya ardhi ya pwani na visiwa vidogo iwekwe mezani mwa Baraza la Wawakilishi, jina la mwenye kukodi, muda, na malipo, ili kila mtu aisome. Tunataka kila mwaka, pamoja na idadi ya wageni, itangazwe idadi ya fedha iliyobaki: mishahara ya wenyeji, mboga, samaki, mayai na kuku walionunuliwa hapa, na kodi zilizosamehewa. Tunataka njia za wavuvi na wakulima wa mwani ziandikwe katika ramani kabla ya ukuta kujengwa, kwa sababu baada ya ukuta hapana njia iliyorudi. Tunataka Unguja ikae na Mombasa, na Dar es Salaam na Tanga wakiwemo, wakubaliane kiwango cha kodi ambacho hapana hata mmoja atakayeshuka chini yake, ili barua ya mmoja isitumike kumtisha mwingine. Na tunataka meli: Mombasa, Wete, Unguja. Kwa mambo ya forodha na uhamiaji twajua kwamba neno la mwisho haliko Unguja peke yake, na hiyo ndiyo sababu ya Wawakilishi wetu kulisema kwa nguvu zaidi, si kwa nguvu pungufu.

Kwa sasa tunawaomba makatibu wa matawi ya pwani, Nungwi, Matemwe, Kiwengwa, Uroa, Paje, Makunduchi, na kwa upande wa Pemba Makangale na Mkoani, waandike katika karatasi moja majina ya njia za kwenda pwani zilizofungwa katika shehia zao, mwaka zilipofungwa, na ni nani waliokuwa wakizitumia. Mtu asiandike aliyoyasikia, aandike aliyoyaona. Karatasi hizo zifike kabla ya Baraza kukutana.